Sare za Jeshi Kwenye Filamu: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kazi ya Mbunifu wa Mavazi

Barua za wanaotaka kazi hii zinafanana. Mtu ameambatanisha jalada lenye michoro ishirini ya majenerali, vifungo vinang'aa, nishani zimejaa kifua kizima, halafu anauliza kwa nini hakuna mtayarishaji anayempigia simu. Ukimuuliza huyo jenerali ni wa jeshi gani, mwaka gani, mwezi gani, na usiku uliopita alilala wapi, anakaa kimya.

Wengi wanakwama hapo kwa sababu wameanza na nguo, wakati kazi hii inaanza na tarehe. Sare inataja jeshi la aliyevaa, kikosi chake, cheo chake na mahali alipopigana, na kila kimoja kati ya hivyo kina mwaka wake. Ukikosea mwaka umekosea vyote.

Tutafanya kazi moja mwanzo hadi mwisho kwa mhusika mmoja wa kubuni: sajenti wa askari wa miguu wa Uingereza, akiwa Italia, Desemba 1943. Katika hadithi anavuka mto, kisha anapigwa risasi. Fanya naye kila hatua, nawe utabaki na jalada ambalo mtu wa filamu atalisoma hadi ukurasa wa mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Skripti. Kama huna, andika mwenyewe kurasa tano zenye maonyesho manne au matano.
- Daftari kubwa au programu ya majedwali.
- Futi kamba, pini, chaki ya fundi, sindano za mkono na uzi wa rangi za kaki na kijani.
- Cherehani inayoweza kupita kwenye sufu nzito ya tabaka nne. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha blanketi.
- Vifaa vya kuchakazia: msasa, brashi ya waya, chupa ya kupulizia maji, rangi za kitambaa, chai kavu.
- Barakoa ya kuzuia vumbi, glavu na miwani ya kinga.
- Simu yenye kamera nzuri, na vibandiko vya kuandika majina.

Ujuzi wa kushona unahitajika, ila huna haja ya kuwa fundi bingwa. Unahitaji kujua sare imeunganishwaje, ili ukizungumza na fundi wa kukata msipoteze siku nzima mkibishania ukosi.

## Hatua ya 1: Igawe skripti kwa siku za hadithi

Soma skripti mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, pigia mstari kila neno linalogusa mwili au nguo: analowa, anatambaa, anavua koti, anapewa cheo, anajeruhiwa begani.

Kisha chora jedwali. Safu moja iwe ya namba ya onyesho, nyingine ya siku ya hadithi, ya tatu ya mhusika, ya nne ya hali ya nguo. Siku ya hadithi si siku ya kupiga picha. Filamu hupigwa kwa kurukaruka. Kifo cha sajenti kinaweza kupigwa Jumatatu, na kiamsha kinywa chake cha mwisho Alhamisi ya wiki inayofuata. Usipokuwa na jedwali hili utamvalisha koti lenye tundu la risasi akinywa chai kabla ya vita.

Utajua umefaulu pale mtu asiyesoma skripti akichukua jedwali lako na kukuambia sajenti amevaa nini, na nguo ziko katika hali gani, kwenye onyesho lolote atakalotaja.

## Hatua ya 2: Funga tarehe, kikosi na mtu

Andika juu ya ukurasa: jeshi, aina ya kikosi, mahali, mwezi, mwaka, cheo, muda aliotumikia. Kisha kila kitu unachotaka kumvalisha kijibu maswali mawili: je, kilikuwa kimeshatengenezwa? Je, kilikuwa kimeshamfikia yeye?

Tumpitie sajenti wetu.

Kichwani. Mnunuzi wako atakuletea chapeo ya chuma ya Mk III (toleo la tatu) kwa sababu ndiyo aliyoipata. Ikatae. Ile ilionekana vitani kwa wingi Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Sajenti wa Desemba 1943 anavaa Mk II, yenye umbo la sahani.

Mwilini. Anavaa gwanda fupi la sufu linaloishia kiunoni. Muundo wa 1937 ulificha vifungo chini ya pindo. Muundo wa kubana matumizi uliokuja baadaye uliviacha wazi na kuondoa mikunjo ya mifuko ili kuokoa kitambaa. Katika kikosi cha mwisho wa 1943 unaweza kuchanganya yote mawili, na mchanganyiko huo unapendeza machoni kuliko safu ya watu waliofanana kama matofali.

Shingoni. Kola imefungwa. Askari wa kawaida wa wakati ule alifunga kola hadi juu. Ofisa ndiye aliyeiacha wazi akavaa shati na tai. Ukimfungulia sajenti kola ili aonekane mtanashati, umempandisha cheo bila kujua.

Mikononi. Tepe tatu, ncha zikielekea chini. Za Marekani ndizo zinazoelekea juu, na kosa hili hutokea kila mwaka kwa sababu mtu amenunua tepe mtandaoni bila kuuliza. Chini ya nembo ya divisheni kunaweza kuwa na ukanda mwekundu wa askari wa miguu.

Kifuani. Jihadhari hapa zaidi ya kwingine. Kama alipigana Afrika ya Kaskazini, utepe wa Africa Star unawezekana, maana nishani hiyo ilianzishwa 1943. Italy Star haiwezekani kabisa, ilianzishwa 1945. Kwa hiyo yumo ndani ya Italia, anapigana Italia, na hana nishani ya Italia. Mtindo huu wa kufikiri utumie kwa jeshi lolote. Filamu ya Vita vya Kwanza inayomwonyesha askari wa Uingereza akiwa kwenye handaki la 1916 na British War Medal kifuani imekosea, kwa sababu nishani hiyo ilianzishwa 1919. Purple Heart ya Marekani, nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa vitani, kwa sura yake ya sasa ilianza 1932.

Utajua umefaulu kila kitu kwenye orodha kikiwa na tarehe pembeni, na angalau vitu viwili ulivyovipenda vikiwa vimefutwa.

## Hatua ya 3: Tafuta picha kabla ya vitabu vya kanuni

Kanuni za mavazi zinakuambia jeshi lilitaka nini. Picha zinakuambia watu walivaa nini. Kati ya hayo mawili pana matope, baridi, uchovu na askari aliyepoteza soksi.

Makumbusho makubwa kama Imperial War Museum la London na Musée de l'Armée la Paris yana makusanyo ya nguo na picha, na mengi yanaonekana mtandaoni. Chagua picha zenye tarehe na mahali. Picha ya gwaride na picha ya mstari wa mbele usizichanganye kwenye ubao mmoja, maana hizo ni nguo za siku mbili tofauti.

Tazama pia visivyo sare: skafu aliyofuma mama yake, kijiko kilichochomekwa kwenye gaiter (kitambaa kigumu kinachofunika kifundo cha mguu), sigara chini ya kamba ya chapeo. Muongozaji hukumbuka vitu hivi kuliko nembo.

Mshauri wa kijeshi atakuja baadaye, na atakusaidia sana, lakini mpime. Aliyestaafu juzi anaijua sare ya ujana wake. Nimeshaona mshauri akiwavuta askari wa zamani kuelekea tabia za leo kwa kujiamini kabisa. Msikilize kuhusu mwili: namna ya kubeba mkoba, kufunga kamba za buti, kushika kofia. Kuhusu tarehe, rudi kwenye picha zako.

## Hatua ya 4: Uliza sheria ya mahali mnapopigia picha

Usiruke hatua hii. Sheria hazifanani. Barbados na Jamaica, raia kuvaa nguo za mabaka ya kijeshi ni kosa. Ujerumani inakataza kuonyesha alama za Wanazi, ingawa sheria yake inaacha nafasi kwa sanaa. Marekani sheria inamruhusu mwigizaji kuvaa sare. Zamani ilikuwa na sharti kwamba asilichafulie jeshi jina, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaliondoa sharti hilo mwaka 1970 katika kesi ya Schacht dhidi ya Marekani.

Mtayarishaji apate ruhusa kwa maandishi, nakala ikae kwenye sanduku la mavazi. Mpe pia kila mwigizaji amri moja: hakuna kutoka eneo la kazi na sare, hata kwenda kununua maji. Awekewe koti la kufunika. Mtu aliyevaa gwanda barabarani ni askari machoni pa wapita njia, na machoni pa askari wa kweli pia.

## Hatua ya 5: Hesabu nakala

Ukitaka kujua mtu ni mgeni katika kazi hii, muulize sajenti anahitaji magwanda mangapi. Mgeni atasema moja. Mwenye tahadhari atasema mawili.

Hesabu iko hivi. Mwigizaji anahitaji moja la maonyesho ya kabla ya mto. Mtoni onyesho litarudiwa na nguo haikauki kwa dakika kumi, kwa hiyo mawili. Risasi inapopiga, kifyatuo kidogo cha baruti kinatoboa kitambaa na damu inamwagika. Koti hilo halirudiwi, na muongozaji anataka nafasi tatu, kwa hiyo matatu. Mbadala wake wa stanti, yaani anayemfanyia vitendo vya hatari, anaanguka mtoni, moja. Anaanguka kwa risasi, mawili.

Jumla magwanda tisa, ya mtu mmoja, kwa kurasa mbili za skripti. Suruali zinafuata hesabu hiyohiyo. Chapeo mbili zinatosha.

Magwanda ya stanti yakatwe makubwa kidogo, kwa sababu chini yake kutakuwa na mito ya kinga na mikanda ya kuning'inizia. Ya risasi yapelekwe mapema kwa mtaalamu wa milipuko: yeye ndiye anayesema tundu likae wapi na kitambaa kikunwe kiasi gani kwa nyuma ili kipasuke vizuri. Usimpelekee koti asubuhi ya tukio.

Kwa kundi la askari, usigawe fedha sawasawa. Wagawe kwa umbali kutoka kamera. Walio mbele wapate sare kamili hadi uzi wa kifungo. Wa katikati wawe na umbo na rangi sahihi. Wa nyuma kabisa wanahitaji chapeo, mabega na mkoba. Suruali zao hakuna atakayeziona. Anayejaribu kuwavalisha watu sitini kama yule wa mbele humaliza fedha kabla sajenti hajapata gwanda lake la tano.

Utajua umefaulu meneja wa uzalishaji akikuuliza "kwa nini tisa?" nawe ukamjibu kwa namba za maonyesho bila kupandisha sauti.

## Hatua ya 6: Kodi, nunua, shona

Kundi kubwa hukodiwa. Zipo nyumba za mavazi zenye umri mkubwa, kama Angels ya London iliyoanza 1840 na Western Costume ya Los Angeles iliyoanza 1912, na ziko nyingine ndogo sehemu nyingi. Nguo ya kukodi huwezi kuichana wala kuipaka damu bila makubaliano, kwa hiyo magwanda ya mtoni na ya risasi yashonwe au yanunuliwe.

Nguo halisi za wakati ule ni ndogo. Waigizaji wa leo ni wapana kifuani, na mishono ya miaka themanini huachia mtu anapochuchumaa. Itumie nguo halisi kama mwalimu: ipime, ipige picha ndani na nje, hesabu mishono kwa inchi, tazama bitana, kisha irudishe sandukuni.

Onyo: usimvalishe mtu yeyote barakoa halisi ya gesi ya zama hizo. Vichujio vya barakoa nyingi za Uingereza za Vita vya Pili vilikuwa na asbesto. Tumia nakala mpya.

## Hatua ya 7: Mpime mwigizaji kwa mwili wa wakati ule

Suruali ya 1943 inakaa juu, kwenye kiuno chenyewe, na inashikwa na mikanda ya mabegani. Mwigizaji ataishusha hadi nyongani, maana amezoea hivyo tangu utotoni. Ikishuka, gwanda fupi linaacha pengo tumboni na askari wako anageuka mtu aliyeazima nguo. Mfungie mikanda, mwambie atembee, aketi, apige magoti, alale kifudifudi na kunyanyua mikono. Kisha mpe mkoba wenye uzito wa kweli. Mgongo utabadilika, na gwanda litakaa vingine.

Sufu inawasha. Shonea pamba laini ndani ya kola, vinginevyo atajikuna shingo katika kila onyesho.

Buti za njumu zinapendeza kwa sauti na zinateleza vibaya kwenye sakafu ya studio. Weka soli ya mpira kwa maonyesho ya kukimbia; sauti wataiongeza watu wa sauti.

Kama filamu yako ina bereti, usiiache kama ilivyotoka dukani. Iloweshe kwa maji ya moto, mvalishe mwigizaji, ivute upande mmoja na aivae hadi ikauke. Majeshi mengi huivuta kulia. Wafaransa kwa desturi huivuta kushoto. Bereti iliyovimba kama andazi humuumbua mwigizaji kuliko nishani ya uongo.

## Hatua ya 8: Chakaza

Nguo mpya kwenye kamera inaonekana mpya hata ukiipaka tope. Uchakavu una mpangilio: unaanzia pale mwili unapogusa.

Mvalishe mwigizaji kwanza, weka alama za chaki kwenye viwiko, magoti, mdomo wa mifuko, ukingo wa kola, na mahali mkanda wa mkoba unaposugua bega. Vua. Sugua sehemu hizo kwa msasa na brashi ya waya. Jaza mifuko mawe, lowesha, ning'iniza usiku kucha ili inyong'onyee. Halafu ndipo rangi: chai ya rangi kali hushusha ung'avu wa kitambaa cheupe au cha kaki nyepesi, na rangi ya kahawia iliyopulizwa kwa mbali hutengeneza jasho la zamani. Tope na vumbi vije mwisho, maana hivyo hubadilika onyesho hadi onyesho.

Onyo la kwanza: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni ya pamba peke yake. Sufu na hariri huyeyuka. Niliwahi kuchovya gwanda la sufu nikidhani napunguza rangi. Niliporudi baada ya chakula nilikuta utelezi na vifungo.

Onyo la pili: wapo wanaofundisha kusimamisha klorini kwa siki. Usithubutu. Asidi na klorini hutoa gesi ya sumu. Suuza kwa maji mengi, kisha tumia sodiamu thayosalfeti.

Onyo la tatu: vumbi la udongo laini linalotumiwa kwenye filamu linaingia mapafuni. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, na usimpulizie mwigizaji usoni.

Magwanda yote tisa ya sajenti yachakazwe siku moja, yakiwa yamepangwa ubavu kwa ubavu. Ukichakaza moja leo na jingine Ijumaa, mkono wako utakuwa umebadilika.

Utajua umefaulu ukiyapiga picha yakiwa yamening'inia, na mwenzako akashindwa kukuambia lipi lilikuwa la kwanza.

## Hatua ya 9: Jaribio la kamera

Omba nusu saa na mpiga picha mkuu. Tazama mambo matatu: je, kaki inageuka kijani au waridi chini ya taa zake? Je, chapeo inang'aa? Je, kitambaa kina mistari midogo inayochezacheza kwenye skrini?

Kama kuna picha za kuunganishwa kwa kompyuta, waambie mapema wanaoziunganisha kama sare zina ukijani. Pazia la kijani litakula mabega ya askari. Waombe la bluu.

## Hatua ya 10: Siku ya kupiga picha

Kila seti iwe na kibandiko: jina la mhusika, namba ya seti, maonyesho. Piga picha mbele, nyuma, ubavuni, na vifungo kwa karibu, kabla na baada ya kila onyesho. Kola ilikuwa wazi? Kamba ya chapeo ilikuwa kidevuni au juu ya ukingo? Usikiamini kichwa chako.

Bastola ni ya msimamizi wa silaha. Mfuko wa kubebea bastola mara nyingi ni wako. Kutaneni wiki moja kabla muone kama bastola inaingia kwenye mfuko. Na usiguse silaha hata kuisogeza.

Mtoni, kumbuka sufu iliyolowa ni nzito. Mtu aliyevaa gwanda, buti na mkoba uliojaa maji anaweza kuzama mahali pa kina cha kifua. Mkoba ujazwe sponji nyepesi, buti ziwe rahisi kuvuliwa, na blanketi kavu ziwe ukingoni kabla hajaingia.

## Hatua ya 11: Sasa tengeneza jalada

Mhusika mmoja, kurasa nane hivi. Ukurasa wa siku za hadithi. Ukurasa wa tarehe, pamoja na vile ulivyovikataa na sababu. Picha za ushahidi. Mchoro mmoja. Hesabu ya magwanda tisa. Vipande vya kitambaa, kipya na kilichochakazwa. Picha ya mtu aliyevaa, akiwa amepiga magoti. Ukurasa wa mwisho uwe wa gharama, kwa bei ulizouliza mwenyewe.

Usimpelekee mtayarishaji ukiomba kuwa mbunifu mkuu. Mpelekee msimamizi wa mavazi ukiomba nafasi ya msaidizi, ya kuchakaza, au ya kuvalisha askari wa kundi alfajiri. Kazi hiyo ya alfajiri ndiyo mlango wenyewe: watu sitini, saa moja na nusu, buti za saizi kumi tofauti, na mmoja daima amevaa chapeo nyuma mbele.

Mkataba useme siku zako za maandalizi zinalipwa, vifaa vyako unavyotumia vinakodiwa, nani anafua, na magwanda yanabaki kwa nani. Picha za jalada lako zisitoke hadharani kabla filamu haijatoka.

Siku ya mwisho, hesabu kila kitu ukilinganisha na orodha ya kukodi kabla waigizaji hawajavua. Anza na chapeo na nembo; hizo ndizo zinazoingia mifukoni kama kumbukumbu.